Maswali ya Hewani: Waya Tatu, Swichi Moja na Radi ya Saa Kumi

Barua za mwezi huu ni nne, na zote, kwa njia moja au nyingine, zinauliza habari ya erthi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Ni msimu wake. Hapa Riat ninapoishi, juu ya Kisumu, kila alasiri naona mawingu yakijipanga upande wa Nandi, na ikifika saa kumi ngurumo inaanza. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeiandika ameeleza kila kitu kwa usahihi, na kwa kuwa makosa yake niliyafanya mimi kabla yake.

SWALI: Mzee wetu, hujambo? Mimi ni mwalimu wa fizikia karibu na Mumias, na nina leseni ya redio ya ridhaa (ya kurusha na kupokea kwa kujifurahisha, si kwa biashara) tangu mwaka jana. Nyuma ya nyumba nimevuta antena tatu za kupokea kwa ajili ya mita 80, yaani mawimbi ya redio yenye urefu kama huo. Ya kwanza ni waya wa mita 90 unaoelekea Ulaya, juu ya vigingi vya mita 2 kando ya ua. Ya pili ina urefu uo huo, inaelekea Japani na inapita ukingoni mwa shamba la miwa. Ya tatu ni kitanzi cha pembe tatu karibu na jiko, kilele chake mita 7. Waya ndefu nimezifunga moja kwa moja kwenye waya wa kati wa kebo ya dishi, na wavu wa kebo (nyuzi zinazouzunguka waya wa kati) nimeufunga kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Kebo zote zinafika dirishani, kwenye swichi ya kuzungusha iliyo ndani ya kisanduku cha mbao. Shida zangu: nikichagua Ulaya au Japani nasikia karibu kitu kile kile, nikigusa bodi ya redio, yaani kasha lake la chuma, napata mtekenyo wa umeme, na wingu likitanda, hata kabla ya ngurumo, cheche ndogo zinaruka kwenye konekta ya antena ambayo sijaichagua. Fundi mmoja ameniambia nifunge kila kitu kwenye bomba la maji. Mwingine amesema nisiweke erthi kabisa, maana erthi huita radi. Nimfuate yupi?

JIBU: Mwalimu, usimfuate hata mmoja. Na kabla hujafika mwisho wa jibu hili chomoa redio kwenye soketi, kwa maana huo mtekenyo unanitia wasiwasi kuliko cheche.

Kile kisanduku kinachogeuza volti 240 kuwa volti 13.8 za redio kina kapasita mbili ndogo za kuzuia kelele. Moja imetoka kwenye waya wa moto, nyingine kwenye nyutro, na zote zinaishia kwenye bodi ya chuma. Zimewekwa hapo kwa kutegemea kwamba bodi imeunganishwa na erthi kupitia ile pini ndefu ya plagi. Kama tundu la juu la soketi yako halina kitu nyuma yake, na nimefungua soketi nyingi za namna hiyo kutoka Maseno hadi Butere, basi bodi inaelea katikati ya moto na nyutro, kwenye volti 120 hivi. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenywa tu. Lakini waya wa moto uliochubuka na kugusa bodi nao unaweza kukutekenya vivyo hivyo ukiwa umevaa viatu vikavu, na kidole hakijui tofauti. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni, aipime erthi ya nyumba kwa kifaa cha kupimia erthi, si kwa testa ya bisibisi.

Bomba la maji lilikuwa na maana enzi za mabomba ya chuma. Leo ukichimba hatua moja kutoka ukutani utakuta plastiki. Erthi yako itaishia hapo, na juu yake kuna mfereji ambao mtoto anaushika akinawa mikono.

Ama hilo la erthi kuita radi, nimelisikia tangu utotoni pamoja na kufunika vioo na kuvua nguo nyekundu mvua ikija. Siwadharau waliotufundisha hayo, maana walikuwa wamezika watu. Lakini kinachoita radi ni kimo: mti mrefu, mnara, nyumba iliyosimama peke yake kileleni. Waya wa kimo cha mita 2 uliopita chini ya miti hauongezi hatari kwa sababu ncha yake imefungwa kwenye chuma kilicho ardhini. Erthi inaamua tu umeme utapita wapi ukishafika.

Nikusimulie yaliyonipata. Mwaka 2011, mwezi wa Aprili, nilikuwa na vyuma viwili vya erthi. Kimoja kilikuwa chini ya mita ya umeme, kingine chini ya dirisha la chumba cha redio, mita 14 kutoka cha kwanza. Sikuviunganisha. Nilijiona nimefanya la maana, kwamba erthi ya redio imekaa mbali na kelele za erthi ya nyumba. Radi ikapiga mkuyu wa jirani, mita 60 kutoka kwangu. Haikugusa waya wangu hata mmoja, na swichi ya antena nilikuwa nimeizima. Redio ikafa, na kisanduku chake cha umeme kikafa nayo. Nilipoifungua nikakuta njia ya shaba imeyeyuka kutoka kwenye tundu la antena hadi kwenye waya wa umeme, mstari mmoja mweusi kama mtu aliyepitisha kalamu.

Nilikaa na ile redio mezani siku kadhaa kabla sijaelewa. Radi ya kawaida hubeba ampea 30,000 hivi. Zikiingia ardhini chini ya mti, ardhi yenyewe inapanda volti, na inapanda zaidi karibu na mti kuliko mbali. Chukua udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, ukinzani wake omu-mita 100. Penye mita 60 kutoka mtini ardhi inafika kama volti 7,950, na penye mita 74 inafika kama volti 6,450. Tofauti ni volti 1,500, na kitu pekee kilichounganisha vyuma vyangu viwili kilikuwa redio. Ng'ombe huuawa kwa njia hiyo hiyo karibu na mti uliopigwa, hata kama mti haukuwagusa: penye mita 5 kutoka shinani, kati ya miguu ya mbele na ya nyuma panaweza kuwa na zaidi ya volti 20,000. Hesabu ni mkondo mara ukinzani wa udongo, ugawe kwa mbili pai mara umbali. Wape wanafunzi wako waifanye. Kila mmoja ana jamaa aliyepoteza ng'ombe.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: chuma cha mita ya umeme, chuma cha dirishani na bodi ya redio viunganishwe viwe erthi moja. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 16, uuzike sentimita 50, ufungwe kwa vibano vya skrubu. Usiunge kwa lehemu, itayeyuka siku ya kazi. Na kwa kuwa shaba inayoonekana haikai wiki mbili bila kupata mwenyewe mwingine, ukishindwa kuilinda tumia ukanda wa chuma uliopakwa zinki. Mimi nimefunika kila kibano kwa zege jepesi.

Dirishani weka bamba la chuma, upana wa daftari likifunguliwa. Kila kebo inayoingia nyumbani ipitie hapo, wavu wake ufungwe kwenye bamba, na waya wa kati uwekewe mrija wa gesi wa volti 90 (hupitisha umeme volti zikizidi hapo) unaoelekea kwenye bamba hilo hilo. Nyaya za kuendeshea swichi nazo zipite hapo, kila mmoja na kinga yake. Watu husahau nyaya hizi, na radi haitazami kama waya ni wa antena au wa swichi.

Kutoka kwenye bamba kwenda kwenye chuma cha erthi, waya uwe mfupi na ulionyooka kuliko unavyodhani inahitajika. Fundi atakupimia akuambie ukinzani wake ni sifuri, na kwa umeme wa nyumbani ni kweli. Lakini waya wowote ulionyooka hukaidi mkondo unaobadilika ghafla. Mkondo wa radi ukipanda kwa ampea 10,000 katika maikrosekunde moja, kila mita ya waya inabeba kama volti 10,000 kati ya ncha zake. Waya wa mita 4 uliozungushwa ukutani ili upendeze unaacha redio yako ikining'inia kwenye volti 40,000. Toboa ukuta ikibidi.

Sasa antena zako, na kwa nini Ulaya na Japani zinasikika sawa. Kutoka Mumias, London iko karibu digrii 336 na Tokyo karibu digrii 53. Waya mbili zilizoachana digrii 77, kila moja ikiwa na urefu wa wimbi moja la mita 80, hazipaswi kukuletea sauti moja. Unailaumu swichi, lakini fanya jaribio hili kwanza. Nenda mwisho wa kebo, ufungue waya wa antena, na mahali pake uweke rezista ya omu 75 kati ya waya wa kati na wavu. Rudi ndani usikilize. Kama bado unasikia vituo na mikwaruzo, basi antena yako ni ile kebo. Nje ya wavu wake inakusanya kila kelele ya chaja, ya taa na ya inveta ya sola, na kwa vile umefunga wavu huo kwenye chuma kilekile ambacho antena inakitegemea, kelele yote inaingia ndani. Kebo tatu zinazotoka nyumba moja zinakusanya kelele ile ile, ndiyo maana ukizungusha swichi hakibadiliki kitu.

Dawa yake ni transfoma yenye nyaya mbili zisizogusana. Kiini kiwe cha feraiti (kauri ya sumaku) chenye matundu mawili, aina ya 73. Upande wa antena zungusha mara 5: ncha moja kwenye waya mrefu, nyingine kwenye chuma cha ardhini. Upande wa kebo zungusha mara 2, na wavu wa kebo usiguse chuma kile. Mizunguko 5 kwa 2 inageuza omu 75 za kebo kuwa karibu omu 470, ambazo ndizo waya wa namna hii unazitaka. Mwisho wa mbali wa waya weka rezista ya omu 470 ya kaboni, wati 2, nayo iende kwenye chuma chake. Bila rezista hiyo waya unasikia mbele na nyuma. Antena hii ya waya mrefu wa chini ni kazi ya Mmarekani Harold Beverage, aliyeipatia hataza mwaka 1921, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Paul Godley aliitumia huko Ardrossan, Uskoti, akawasikia watu wa redio ya ridhaa wa Marekani kuvuka Atlantiki. Miaka mia imepita na bado sijaona antena ya bei nafuu inayoipita kwa anayelala karibu na ikweta, penye mikwaruzo ya radi usiku kucha.

Karibu na transfoma, zungusha kebo yenyewe mara 6 au 7 kwenye pete ya feraiti aina ya 31 ili nje ya wavu isipitishe kelele. Halafu ilaze chini au uifukie kidogo.

Najua utaniuliza: si umesema erthi iwe moja? Hivi vyuma vya huko shambani vipo mita nyingi kutoka nyumbani, na ni sehemu ya antena, kama mguu wa pili wa ngazi. Transfoma inavitenga na kebo wakati wa kawaida. Radi ikija karibu, umeme unaweza kuruka kati ya nyaya za transfoma, uende nyumbani kupitia kebo, na hapo ndipo unakutana na bamba lako na mirija yake. Transfoma itaungua. Utaisuka nyingine kwa nusu saa.

Cheche zako nazo zitaisha kwa kazi hiyo hiyo. Waya wa mita 90 ulioachwa ukielea hukusanya chaji kutoka kwenye matone ya mvua, vumbi na wingu lenyewe, mpaka iruke kwenye konekta. Ile mizunguko 5 inaipa njia ya kushuka ardhini polepole, saa zote. Kama kitanzi chako kina sehemu yoyote isiyo na njia ya kwenda ardhini, ifungie rezista ya kilo-omu 100. Haitapunguza chochote unachosikia.

Tumefika kwenye swichi. Kisanduku cha mbao kitoe, uweke cha chuma kilichofungwa kwenye bamba. Ukiwa na nguvu ya kusuka, achana na swichi ya kuzungusha utumie relei (swichi zinazoendeshwa na umeme), moja kwa kila antena, za volti 12. Zisuke hivi: relei ikiwa haina umeme, antena yake inakwenda ardhini, ikipata umeme, antena inakwenda kwenye redio. Basi umeme ukikatika, au ukizima ukaenda kulala, antena zote zinalala kwenye erthi bila wewe kukumbuka. Faida ya pili ni kwamba waya uliopumzishwa hauvujishi ishara yake kwa jirani. Wengine hupenda kuzipumzisha kwenye rezista ya omu 75 badala ya kuzifunga moja kwa moja ardhini. Kwa waya zilizoachana kama zako sijasikia tofauti.

Kitanzi kinataka relei ya ziada chini yake. Kitanzi cha namna alivyokieleza Gary Breed mwaka 1997 kina ncha moja kwenye transfoma na nyingine kwenye rezista. Ukibadilishana ncha hizo, unageuza upande kinaousikiliza. Ni antena mbili ndani ya waya mmoja, na kwa kiwanja kidogo ningeanza na hicho.

Ila chagua relei kwa uangalifu. Miaka ya nyuma nilitumia relei za honi za gari, imara, za bei ndogo. Baada ya miezi minne antena ya kaskazini ikawa kiziwi. Nikigonga kisanduku kwa ngumi inaamka, kesho yake inalala tena. Relei za gari zinategemea mkondo mkubwa kuchoma kutu nyembamba inayojijenga kwenye midomo yake, pale vyuma vinapogusana. Ishara yenye nguvu ya S9 kwenye kipimo cha redio ni sehemu 50 tu za milioni za volti, na mkondo wake kwenye kebo ya omu 50 ni sehemu moja ya milioni ya ampea. Mkondo huo hauchomi kitu. Nunua relei ndogo za ishara, zile ambazo midomo yake imepakwa dhahabu. Kila koili uifungie diodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Na matundu ya kisanduku yazibe kwa wavu wa chujio la chai, kwa maana sisimizi wa huku kwetu wanapenda joto la relei, na mijusi wanataga humo.

Kuhusu vyuma vyenyewe, kimoja cha mita 1.2 kwenye udongo wa omu-mita 100 kinakupa kama omu 75, na kimoja hicho hakitoshi kwa radi. Weka vitatu, kila kimoja mita 2.4 au zaidi kutoka kwa mwenzake. Ukivibana pamoja vinagawana udongo ule ule. Jamaa zangu wa uwanda wa Kano wana shida nyingine: udongo mweusi wa pamba, unaoshika vizuri ukiwa na maji, lakini mwezi wa Januari unapasuka na kukiacha chuma kimesimama ndani ya ufa kama jino linalocheza. Ukiwa huko, mwagilia.

Yote hayo yanakukinga na radi ya jirani. Radi ikipiga waya wako wenyewe hakuna relei itakayoizuia, maana nafasi kati ya midomo yake haifiki milimita moja, na kitu kilichoruka kilomita kadhaa hewani hakitashindwa na nafasi hiyo. Chomoa kebo zote kwenye bamba upande wa nje, zianguke chini mbali na ukuta, kisha chomoa plagi ya umeme. Fanya hivyo saa nane mchana kila siku ya msimu wa mvua, anga likiwa bado jeupe. Ukishasikia ngurumo umechelewa. Ziache, tokeni chumba hicho.

SWALI: Mzee, naishi ghorofa ya tatu hapa Kisumu. Ninasikiliza kwa kile kijiti cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta, na nina waya mbili juu ya paa kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Naweza kufunga erthi kwenye chuma cha dirisha?

JIBU: Binti yangu, hapana. Chuma cha dirisha kimeshikwa na saruji na hakijui ardhi iko wapi. Utakifanya kiwe na umeme ambao jirani wa chini ataugusa akianika nguo. Kwenye ghorofa ya tatu waya wa kushuka ardhini ungekuwa na mita 9 au zaidi, na hesabu ya volti kwa kila mita nimeitoa hapo juu.

Ulicho nacho kinatosha ukikitumia hivi: kila waya uwe na transfoma yenye nyaya mbili zisizogusana, kompyuta itumie betri na chaja iwe imechomolewa ukisikiliza, na swichi yako iwe mkono wako, unachomeka waya mmoja kwa wakati. Ukimaliza, waya zote zitoke nje ya dirisha. Chaja ikitoka utashangaa ni vituo vingapi vilikuwa vimefunikwa.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Nakuru, upande wa Menengai. Nina antena moja ya kurushia wati 100 na waya mbili za kupokea, mmoja ukiwa mita 12 tu kutoka kwenye ile ya kurushia. Mwezi uliopita sehemu ya kupokea ya redio yangu imekuwa dhaifu ghafla. Hakukuwa na mvua. Pia, fundi amemimina chumvi na makaa kwenye shimo la erthi. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Uliyeichoma sehemu hiyo ya kupokea ni wewe mwenyewe. Hata kama waya ulio karibu unaokota sehemu moja tu kwa mia ya unachorusha, hiyo ni wati 1, nayo inaingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa ajili ya sehemu za milioni za volti. Tazama kwanza diodi ndogo na transfoma ya kwanza baada ya tundu la antena ya kupokea. Mara nyingi uharibifu unaishia hapo.

Relei zako za kupokea zifungamane na swichi ya kurushia. Ukibonyeza, zianguke ardhini kwanza, ndipo redio irushe. Ukiachia, redio inyamaze kwanza, ndipo ziinuke. Relei ndogo inachukua milisekunde 5 hivi, basi weka redio yako isubiri milisekunde 15 au 20 kabla ya kurusha. Redio nyingi za siku hizi zina mpangilio huo kwenye menyu. Diodi mbili zilizogeuziana migongo mlangoni mwa sehemu ya kupokea ni msaada wa ziada, lakini kukiwa na kituo cha utangazaji chenye nguvu karibu nawe zitachanganya ishara na kukuletea vituo ambavyo havipo.

Chumvi sikubaliani nayo. Inashusha omu siku ya kupima, fundi analipwa, kisha mvua mbili zinaisafisha, na inachobakisha ni kutu kwenye chuma. Makaa peke yake hayana ubaya mkubwa ila yanakauka. Shida yenu Nakuru ni ule udongo wa majivu ya volkano na mawe mepesi. Ukiwa mkavu na kufika omu-mita 1,000, chuma kimoja cha mita 1.2 kinakupa kama omu 750. Ongeza vyuma, ongeza na waya tupu, zisizo na plastiki, zilizofukiwa kutoka hapo kama miguu ya kuku, mita 10 kila mmoja. Udongo wa bentonaiti kuzunguka chuma unashika maji miaka mingi, nao ndio wa kumiminwa shimoni.

SWALI: Mzee, mimi ni mama wa watoto wanne, Ahero. Mwanangu wa miaka 14 ametengeneza redio yake na amefunga waya kutoka dirishani mpaka juu ya mwembe. Majirani wanasema ataleta radi nyumbani. Nimkataze?

JIBU: Mama, usimkataze redio. Mkataze mwembe. Mti ndio unaopigwa, na waya uliofungwa juu yake unaleta ndani kile ambacho mti ungekimaliza shambani. Ashushe waya, aupitishe kwenye vigingi vya kimo cha mita 2, mbali na mti, mbali kabisa na waya za umeme zinazoingia nyumbani. Kwa kusikiliza tu, waya wa chini unamtosha, na atagundua una kelele kidogo kuliko wa juu.

Huko kwenu hewa ya ziwa inapanda mchana, inakutana na vilima vya Nandi na Nyabondo, na ngurumo inaanza alasiri. Usiku mambo yanageuka, mvua zinahamia juu ya ziwa lenyewe hadi alfajiri. Saa zake nzuri za kusikiliza ni kuanzia machweo mvua ikiwa imekwisha. Akitoka shule achomoe waya autupe nje kabla ya kula. Sauti ya radi inatembea kilomita moja kwa sekunde 3: akiona mwanga ahesabu, na asiguse redio wala waya mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Mwambie pia kwamba kusikiliza ni mwanzo, na akitaka kurusha kuna leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mwalimu wa Mumias aliyeandika hapo juu ameipata mwaka jana tu. Ninazo feraiti mbili za matundu mawili zilizobaki mezani. Moja nimemwekea yeye, pamoja na mita tatu za waya mwembamba. Nitaiacha kwenye ofisi ya gazeti hili, upite uichukue ukija sokoni Kibuye.